Jim Reeves kwenye CD 4, nimezisikiliza zote na moja nimeisikiliza na mzee wangu kule Tukuyu

Hili boksi nimelikuta Mwanjelwa hapa Mbeya kwa kijana mmoja anauza redio na spika za mtumba, lilikua limebanwa katikati ya deki mbili limejaa vumbi, CD 4 za Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, albamu 8 na nyimbo kadhaa zilizotoka kama santuri ndogo, zimepangwa kwa miaka kuanzia 1953 mpaka 1962. Akaanza elfu 40. Nikamwambia mdogo wangu siku hizi nani ana deki ya CD, tukavutana pale mpaka tukafika elfu 18, akanijaribishia moja moja kwenye deki yake, tatu zikasoma vizuri ya nne ikawa inakwama, nikabeba hivohivo. Nimekaa nalo wiki tano sasa na nimeona niandike kwa sababu najua huku kwetu nyanda za juu watu wanaompenda Jim ni wengi mno, na wengi wetu tumemsikia vibaya maisha yetu yote.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi kwa sababu na mimi nimechangia. Kabla sijafungua stationari hapa Uyole nilikua narusha nyimbo kwenye memori kadi na flashi, miaka ile kila mtu ana simu ya kitochi yenye memori, na nilikua na folda inaitwa JIM REEVES MIX ina nyimbo sitini na kitu. Wazee walikua wanakuja hasa Desemba na pale kunapokua na msiba, mzee anafika anasema kijana niwekee yule mzungu, hata jina hataji na mimi najua ni nani. Ile folda nilipewa na jamaa naye alipewa na mwingine. Ndani yake kuna wimbo mmoja umejirudia mara tatu kwa majina matatu, kuna nyimbo kama nne sio za kwake kabisa ni za waimbaji wengine wenye sauti nzito, na zote zimebanwa zile MP3 nyepesi kabisa ili ziingie nyingi kwenye kadi ndogo, ukisikiliza na hedifoni unasikia kama mtu anaimba ndani ya pipa la maji. Hiyo ndo nilikua nawauzia wazee. Nilidhani namjua Jim Reeves.

Utamu wa boksi hili ni huu mpangilio wa miaka. Ukiweka CD ya kwanza unakutana na Mexican Joe ya 1953, halafu Bimbo, na utashtuka kwa sababu huyo sio Jim unayemjua, ni kijana anaimba kwa nguvu, kichwa juu, haraka haraka, kama mtu anamwita mwenzake ng'ambo ya mto Kiwira. Nyimbo zenyewe zinachangamsha, sizikatai, lakini sauti bado haijapata mahali pake. Jamaa alikua mtangazaji wa redio wakati huo, KWKH ya Shreveport kule Louisiana, baada ya kuumia na kuacha kucheza besiboli aliyokua anaitegemea. Nadhani kazi ya utangazaji ndo ilimfundisha kila kitu ila ilichukua muda kuonekana kwenye nyimbo zake. 1955 anaingia kampuni ya santuri ya RCA Victor na bado anapiga kelele kidogo, nyimbo zinapita, unasikiliza huku unafanya kazi zako, CD ya kwanza yote niliisikiliza hivyo, natoa watu fotokopi.

Halafu inafika Four Walls, 1957.

Aisee. Nilikua nalaminetisha cheti cha mtoto wa watu nikasimama. Ni kama mtu amefunga mlango. Sauti imeshuka, imekua pana, na iko karibu mno, yaani unahisi kabisa mdomo uko kwenye maiki. Na ndivyo alivyofanya kweli, aliusogelea mdomo kwenye maiki akaimba polepole kwa sauti ya chini, kitu ambacho waimbaji wa kantri wa kipindi kile hawakukizoea, wao waliimba ili wasikike mpaka nyuma ya ukumbi. Prodyuza wake alikua Chet Atkins ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa mkubwa, akapunguza vyombo, violini za kulialia akaziondoa, akaweka waitikiaji wanaoimba taratibu nyuma. Wale wanaotumia maiki makanisani wanajua hili, maiki nyingi ukizisogelea sana besi inaongezeka yenyewe, sauti inanenepa. Jim aligeuza hilo likawa ndo uimbaji wake. Kwenye folda yangu ya zamani Four Walls ilikua imekaa katikati ya Bimbo na wimbo wa Krismasi kwahiyo huwezi kuona hatua iliyopigwa pale, unasikia tu nyimbo za mzee mmoja. Ila ukimfuata mwaka kwa mwaka unamsikia mtu anajifunza kunyamaza, na hicho ndo kitu ambacho boksi hili limenipa na hakuna folda ya flashi itakupa.

CD ya tatu ndo ina He'll Have to Go. Huu aliurekodi Oktoba 1959 Nashville, na ukatoka kama upande wa pili wa santuri, upande wa kwanza ulikua na wimbo mwingine kabisa ambao ndo kampuni ilitegemea upendwe. Watangazaji wa redio wakageuza santuri. Ukaenda kukaa namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani wiki 14 mwaka 1960, na kwenye chati kuu ya pop ukafika namba mbili. Sasa ukae nao na hedifoni nzuri usiku, Mbeya imetulia, baridi ya Juni ile ya kuvaa soksi mbili. Una dakika mbili na sekunde kidogo tu. Kuna besi inatembea taratibu, ngoma inapigwa kama mtu anafagia, piano ya Floyd Cramer inadondosha noti chache halafu inakaa kimya, kuna kinanda kile cha vyuma kinalia kama kijiko kwenye glasi kwa mbali, na wale waitikiaji wa Anita Kerr wanaguna tu nyuma. Hakuna anayemsumbua mwingine. Na Jim anaanza chini kabisa, chini mpaka unajiuliza ataenda wapi, mwanaume anapiga simu kwa mwanamke ambaye amekaa na mwanaume mwingine, na hafoki, hatukani, anaongea. Nimesikiliza labda mara mia na bado nasikia vitu, juzi tu ndo nimesikia anavuta pumzi kabla ya kuanza mstari wa mwisho.

Kitu kingine ni matamshi. Kila neno la Jim linaanza na linaisha, hamezi herufi. Mimi Kiingereza changu cha sekondari ya kata namuelewa mwanzo mwisho, wakati nyimbo za Wamarekani wengine nasikia upepo tu. Ninaamini hiyo ndo sababu kubwa kapendwa huku kwetu na Zambia na Afrika Kusini ambako alienda mwenyewe kuimba na hadi kucheza filamu. Mtu ambaye Kiingereza sio lugha yake anapewa nafasi ya kuingia.

Ushauri kwa wenye sabufa, na huku Mbeya kila sebule ina sabufa. Zima besi. Kweli kabisa, shusha ile batani ya besi mpaka karibu na mwisho, kwa sababu sauti yake tayari ina besi yake na ukiongeza ya sabufa unapata mngurumo, maneno yote yanapotea. Mimi siku ya kwanza nililaumu CD kumbe ni mimi. Ukishusha besi ukaongeza kidogo ile nyembamba, mtu anatokea kwenye chumba. Na kama utazihamishia kwenye flashi kama nilivyofanya mimi usizibane MP3, ziache kwa WAV, flashi ya GB 8 inabeba CD zote 4 na nafasi inabaki.

Albamu za injili ziko mbili, ya 1958 na ile We Thank Thee ya 1962. Sisi tuliokulia Moravian tunazo tenzi zetu na kwaya zetu na mabaragumu, injili ya kupazwa, kwahiyo kuna watu wanasema Jim anaimba injili kama anasinzia. Nilikua nafikiri hivyo pia. Lakini zisikilize Jumapili alfajiri kabla nyumba haijaamka, This World Is Not My Home kwa mfano, mkeo anachochea jiko, ukungu umejaa mpaka mlangoni mlima Loleza hauonekani, ndo utaelewa kwamba yule haimbii kanisa, anaimba kama mtu anayesali peke yake na wewe umepita tu ukamsikia. Mama mkwe alikuja kututembelea akakaa nazo mchana mzima anachambua maharage, akaniambia baba nanihii, huyu haimbi kwa kujionyesha. Kwake hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Sasa kasoro, na zipo za kuudhi.

Ya kwanza, boksi linaishia 1962 wakati jamaa aliendelea kurekodi mpaka 1964. Nilijiuliza kwanini nikaja kuelewa, ni mambo ya hakimiliki. Ulaya rekodi zilikua zinalindwa miaka 50, 2013 wakaongeza ikawa 70, lakini zile zilizotoka kabla ya 1963 zilikua zimeshaachiwa kwahiyo kampuni yoyote inaweza kuzikusanya ikauza bila kumlipa mwenye rekodi. Ndo maana maboksi mengi ya bei rahisi ya waimbaji wa zamani yanakomea mwaka huohuo. Matokeo yake albamu ya Krismasi haimo, ilitoka 1963, na kwa sisi huku Jim bila Krismasi ni nusu. Na Distant Drums haimo, ambayo ilitoka 1966 yeye akiwa ameshafariki ikakaa namba moja Uingereza wiki 5. Kama wewe unazitaka hizo usinunue boksi la aina hii peke yake, utasononeka.

Ya pili ni usafi uliozidi. Waliotengeneza wameondoa mkwaruzo wa santuri kwa kompyuta, sawa, ila kwenye nyimbo nne tano wameondoa na hewa. Jim anaimba, akinyamaza panakua kimya cha kaburi, halafu anarudi ghafla. Kwa mwimbaji wa kunong'ona lile ni kosa zito, pumzi yake ni sehemu ya wimbo. Ningependelea waniachie mkwaruzo.

Ya tatu, kijitabu ni karatasi moja iliyokunjwa, majina ya nyimbo na picha yake kavaa suti basi. Hakuna nani kapiga nini wala tarehe. Mimi hayo ya Cramer na Anita Kerr nimeyatafuta mwenyewe. Mtu amekusanya kazi ya miaka kumi ya binadamu anashindwa kuandika nani alipiga piano.

Ile CD ya nne inayokwama niliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukifuta kwa kitambaa laini futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Ikasoma yote isipokua wimbo mmoja. Hilo sio kosa la boksi ni la mtumba.

Lakini nina jambo moja la kuwapa tahadhari wanaonunua Jim popote, dukani au mtandaoni. Alikufa 31 Julai 1964 karibu na Nashville, alikua anarusha ndege ndogo mwenyewe wakaingia kwenye dhoruba, yeye na mpiga piano wake Dean Manuel, hajafikisha hata miaka 41. Baada ya hapo studio ilikua na kanda zake nyingi na wakaendelea kutoa santuri miaka na miaka, na nyingi waliongezea vyombo vipya juu ya sauti yake. 1981 wakatoa hata wimbo anaimba na Patsy Cline, ambaye naye alikufa kwa ndege 1963, na wawili hao hawakuwahi kuingia studio kuimba ule wimbo pamoja. Mimi sipingi, zingine ni nzuri, hiyo Distant Drums yenyewe ilikua demo, yaani rekodi ya majaribio, wakaiwekea vyombo baadaye. Ila nyingine wamemjazia violini na ngoma mpaka yule mtu aliyehangaika miaka kujifunza kunyamaza anazikwa tena. Hivyo ukiona kava imeandikwa miaka ya rekodi, hiyo ndo ya kununua. Kama haijaandikwa mwaka wowote, omba usikilize kwanza.

Basi nikalipeleka kwa mzee.

Baba alikua anafanya kazi kwenye treni ya TAZARA, Dar mpaka Kapiri Mposhi, ile reli ya kilomita 1,860, na kanda yake ya Jim aliinunua hukohuko Kapiri 1983. Moja tu. Sisi watoto tumekua nayo. Tumezungusha mkanda kwa kalamu ya Bic ili mawe ya redio yasiishe, tumeanika mawe juu ya bati na Tukuyu jua lenyewe la kuvizia, na siku moja redio ikala kanda, pale katikati ya He'll Have to Go, mkanda ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku. Baba hakumpiga mtu. Alikaa na wembe na selotepu, akakata kile kipande kilichoharibika, akaunga. Tangu siku hiyo wimbo wetu una ruka, Jim anafika mahali anaruka mbele, na sisi wote nyumbani tunaujua hivyo, tunaimba na kuruka.

Nimefika Jumamosi na haisi, kuanzia Kiwira mvua tupu. Mzee yuko jikoni anaota moto, kachoma ndizi mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, umetuletea mvua."

Nikamuwekea He'll Have to Go kwenye sabufa ndogo niliyokuja nayo, nimeshusha besi kama nilivyosema. Akasikiliza mistari mitatu akatikisa kichwa. Huyu sio yeye, akasema, huyu ni kijana. Nikaenda chumbani nikatoa redio kaseti yake nikaiwasha pembeni, tukasikiliza huku na huku, na kweli ya kwake iko chini zaidi na inavuta, mota ya redio imechoka miaka mingi na hakuna aliyegundua kwa sababu ilichoka taratibu na sisi tukiwepo. Nikamuelezea. Akaniangalia.

"Kwahiyo miaka yote namsikia akiwa amechoka?"

Nikaurudisha mwanzo. Safari hii akawa anaimba nao, anachezesha midomo tu, Kiingereza chake cha reli. Wakafika pale kwenye kiungo cha selotepu baba akaruka mbele kama kawaida, Jim akabaki nyuma. Baba akanyamaza. Jim akaendelea na mistari ambayo mzee hajaisikia tangu mimi niko darasa la tatu.

"Hapo anasema nini?"

Nikamwambia, anamwambia yule mwanamke kwamba anajua hawezi kuongea akiwa na mtu pembeni, kwahiyo amjibu ndio au hapana tu, yeye ataelewa.

Akageuza ndizi. "Rudisha."

Nilirudisha mara tano. Mara ya sita hakusema rudisha, alisema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akanimegea ndizi. Nimemuachia flashi na ile sabufa ndogo, na kanda nimeiacha ndani ya redio kama ilivyokua. Jioni ametoka kufungia kuku nikamsikia anaimba peke yake kule nyuma ya nyumba, amefika palepale, akaruka.